Chumba cha Pepopunda

Nilipomaliza masomo ya udaktari nilitaka kupelekwa hospitali kubwa ya serikali, ile yenye maprofesa na lifti. Wenzangu karibu wote walipelekwa huko. Mimi nikaambiwa mwaka wangu wa uanagenzi nitaufanyia katika hospitali ya misheni, hapa hapa Eastlands, kando ya Jogoo Road, karibu na kwetu Mbotela kiasi kwamba mama yangu angeweza kuniletea githeri mchana kwa miguu na ifike ikiwa bado moto. Nilinuna. Nilikuwa nimekesha na vitabu miaka yote hiyo ili nitoke mitaa hii, na sasa nilikuwa narudishwa palepale nilipojifunza kuvuka barabara. "Kwani umefanya nini huko hadi wakunyime?" mama akauliza. Nilimjibu vibaya, na yeye akacheka, kwa sababu alinizoea. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Hospitali yenyewe ilikuwa majengo ya mawe yenye paa la mabati mekundu, na katikati palikuwa na kanisa dogo. Iliendeshwa na masista. Daktari mkuu alikuwa mzungu mmoja mzee, mmisionari, aliyekaa nchini muda mrefu na kujifunza Kiswahili kutoka kitabuni, na akakizungumza hivyo hivyo kama kilivyoandikwa. Mimi mtoto wa Mbotela nikisema "manze hii damu imechelewa", yeye ananitazama kwa upole na kusema, "Binti, damu imekawia." Mwisho wa mwaka yeye ndiye angesema kama ninafaa kuitwa daktari au la, kwa hiyo nilijifunza kusema imekawia.

Wagonjwa nao hawakuniita daktari. Kwao mwanamke mwenye koti jeupe hapo alikuwa sista, basi. "Mimi si sista, mama, mimi ni daktari," nilimwambia mmoja. Akaitikia kwa heshima zote, "Sawa, sista daktari." Ningefanya nini?

Jambo lililonichoma zaidi miezi ya mwanzo lilikuwa nyimbo. Kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, sista mkuu alitoka kanisani na kengele ya mkononi, na wauguzi wote walimfuata wakiimba, wadi hadi wadi, ujia hadi ujia. Mgonjwa aliyeweza kusimama alisimama. Aliyeweza kuimba aliimba. Mimi nilikuwa nasimama hapo na bomba la sindano mkononi, nikiwaza juu ya mgonjwa wangu mwenye homa ya uti wa mgongo, na hasira inanipanda hadi masikioni. Nilikuwa muumini, ndiyo, lakini nilifikiri Mungu angeweza kusubiri tumalize sindano.

Fundi wa masanduku aliletwa mchana mmoja kwa mkokoteni. Alisukumwa na mafundi wenzake kutoka mabanda ya bati ya Shauri Moyo, wanaume watatu wanene wa mikono, wamejaa masizi, na mkewe anafuata nyuma akiwafokea waende polepole kwenye mashimo. Yule mke nilimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa mwanamke wa kutoka magharibi mwa nchi, akiuza dagaa wa omena na mboga sokoni, na sauti yake ilikuwa ya kazi hiyo. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni waligeuka wote.

"Daktari," aliniambia, na nilimpenda papo hapo kwa kuniita hivyo, "huyu mzee wangu tangu jana anacheka tu. Hali, hasemi, anacheka. Nimemgombeza. Nilidhani ananicheka mimi."

Nikamtazama mumewe. Alikuwa amekaa wima kwenye mkokoteni, meno yote nje, nyusi zimepanda juu. Macho yake lakini hayakuwa yanacheka hata kidogo. Yalikuwa yananitazama kwa woga ambao sijausahau. Niliwahi kusoma juu ya tabasamu lile chuoni, na nilikuwa nimejibu swali lake kwenye mtihani, lakini kitabu hakikuwa kimeniambia kwamba mke wa mtu atamgombeza kwa sababu yake.

"Ameumia wapi?" niliuliza.

"Hajaumia," alisema mke.

"Ameumia," alisema mmoja wa mafundi. "Bati lilimkata mguu. Lakini hiyo ilipona, sista. Tuliitia grisi."

Huo ulikuwa utaratibu wa mabanda yao. Mtu akikatwa na bati anapakwa grisi au oili chafu ya gari, anafungwa kitambaa, anarudi kwenye nyundo. Walikuwa na imani na grisi kuliko mimi nilivyokuwa na imani na penisilini. Nilifunua mguu wa suruali. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri kabisa, ngozi imekaza, cheusi kidogo tu kwa juu. Kilikuwa kimefungia ugonjwa ndani. Yule fundi alikuwa ananitazama akingoja nimsifu, na sikuwa na moyo wa kumwambia.

Mtu yeyote aliyekwenda shule ya bweni kutoka Eastlands anayajua mabanda yale. Masanduku yetu ya bati yalitoka huko. Langu lilikuwa la bluu, na sijui ni nani aliyeligonga. Nilimwambia mama jioni ile, naye akasema labda ni huyo huyo fundi.

Daktari mkuu alikuja, akamtazama mgonjwa akiwa mlangoni, bila kumgusa, kisha akanivuta kando. "Pepopunda," alisema. "Huu hatuuponyi, binti. Tunampa dawa, halafu tunaungoja upite, na wakati tunangoja tunamzuia asife. Dawa kubwa ni giza na kimya."

Alinieleza kama ambavyo ningemweleza mtoto, nami nikamwacha aeleze. Mwili wa mtu mwenye pepopunda unashtukia kila kitu. Mlango ukigongwa, taa ikiwashwa, mkono ukimgusa ghafla, misuli yote inakaza kwa pamoja, mgongo unapinda hadi kichwa na visigino peke yake ndivyo vinavyogusa kitanda. Na koo nalo likikaza, pumzi inakatika. Mashine ya kumpumulia mtu hatukuwa nayo. Hospitali kubwa walikuwa nazo chache na walipopigiwa simu walisema zimejaa. Kwa hiyo uhai wa yule fundi ulikuwa mikononi mwetu kwa njia moja tu: asisikie kitu. Na jambo baya kuliko yote ni kwamba akili ya mgonjwa inabaki timamu. Anajua kila kinachompata.

Chumba tulichompa kilikuwa cha mwisho kabisa kwenye ujia wa nyuma, mbali na jikoni, mbali na foleni, mbali na barabara. Tuliziba dirisha kwa mablanketi. Kilikuwa na kasoro moja. Mlango uliokuwa mwisho wa ujia ule, hatua chache kupita chumba chake, ulikuwa wa kwenda mochari.

"Hakuna chumba kingine?" nilimwuliza yule daktari mzee.

"Hakuna. Na wafu hawana kelele, binti."

"Wafu hawana. Wenye wafu je?"

Alivua miwani, akaipangusa kwa koti lake, akairudisha.

Nikaenda kwa sista mkuu. Alikuwa mwanamke mrefu wa Murang'a, mwenye mgongo ulionyooka, na hospitali nzima ilimwogopa, hata mzee wetu, daktari mkuu, alimwogopa. Nilimkuta ofisini akikunja mashuka. Nilimwambia kengele na nyimbo zisipite ujia wa nyuma.

"Hiyo kengele inapita huko tangu hapa pawe mabanda ya mbao," alisema.

"Itamuua mgonjwa wangu."

"Nyimbo za Mungu zitamuua mtu?"

"Hata za Mungu, sista. Masikio yake hayachagui."

Aliendelea kukunja shuka akinitazama. Nilijua nimevuka mpaka. Nilitoka pale nikijiambia haya, sasa nenda ukamwambie mama umefukuzwa kwa kupigana na kengele. Na bado hasira ilikuwa inanichemka, kwa sababu nilikuwa na haki.

Asubuhi iliyofuata nilisimama kwenye kona ya ujia kama askari. Wakaja wakiimba. Kufika kwenye kona, sista mkuu akainua mkono, na wimbo ukakatika katikati ya mstari. Nikaona kwamba ulimi wa kengele ulikuwa umefungwa bendeji, nyeupe, imekazwa vizuri. Akainama, akavua viatu. Wauguzi wote wakavua. Wakatembea kwa soksi hadi mlango wa fundi, wakasimama hapo na kuimba bila sauti, midomo tu ikienda, kisha wakageuka wakarudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita na sikupata wa kupigana naye. Niliingia chumba cha mashuka nikalia.

Baada ya hapo hakuna aliyepita ujia ule na viatu. Muuguzi aliyepata kikohozi alibadilishwa zamu. Bawaba za mlango tulizipaka mafuta ya kupikia. Kazi ya kumhudumia fundi ilikuwa yangu zaidi ya mtu mwingine, kwa sababu mwanagenzi ndiye hutupiwa kazi ndefu: kumlisha uji kwa mrija wa puani, kumchoma sindano za kulegeza misuli, kumgeuza ili mapafu yasijae, na kila mara kumnong'oneza kwanza. "Fundi, ni mimi. Naja na sindano. Naja kwa mkono wa kushoto." Aliniitikia kwa kufumba macho. Hata hivyo mara nyingine alikaza, na nilisimama hapo nikiwa siwezi kufanya lolote, nikimwangalia mtu mzima akipinda na jasho likimtoka, nikingoja kifua chake kipande tena. Kila kilipopanda nilimshukuru Mungu na kumlaumu kwa pamoja.

Mkewe alipewa benchi kwenye kona. Siku ya kwanza nilimweka chini nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Daktari," alisema, "wewe unaniona mimi. Sauti yangu ni ya soko. Nikinong'ona watu hufikiri naita wateja."

"Basi mama, usiseme kabisa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alitoa viatu, akaviweka chini ya benchi, akafunga mdomo kwa leso yake kama mtu mwenye baridi. Na akanyamaza. Waliomjua sokoni hawakuamini. Wanawake wa kanisa lake la Mathare walipokuja na kanzu nyeupe na ngoma, tayari kumwombea, aliwakimbilia langoni akipunga mikono yote miwili na kuwarudisha. Walikasirika. Mmoja aliniambia mimi ndiye ninayezuia roho. "Sawa," nilimwambia, "basi zuieni ngoma, mimi nitazuia roho." Sista mkuu alisikia, na niliona anageuka upande ili asionekane akicheka.

Siku moja mke aliniuliza kwa ishara kama mzee wake anasikia. Nikaitikia kwa kichwa. Akanivuta hadi uani, mbali, ndipo akasema, "Kama anasikia, basi yuko huko gizani anafikiri nimemtoroka. Mimi nisiyenyamaza hata nikilala!"

Nilikwenda kwa daktari mkuu. Alifikiri, akakubali: sentensi moja kwa siku, ya kunong'ona, baada ya sindano, dawa ikiwa imemkolea. Nikamwambia mke achague maneno yake vizuri. Alifikiri asubuhi nzima. Nilidhani atamwambia anampenda, au atamwombea, au atamtajia watoto. Tulipoingia aliinama pembeni mwa kitanda bila kukigusa na kusema kwa pumzi tu, "Nyundo yako na mkasi wako viko nyumbani, nimeviweka chini ya kitanda." Macho ya fundi yalijaa machozi. Ndiyo habari aliyokuwa akiingoja, na mimi na elimu yangu nisingeijua kamwe.

Kila siku ikawa hivyo. Mtoto wa kwanza amepanda darasa. Sufuria iliyovuja nimeiziba. Mvua imenyesha Mathare lakini mto haukufika kwetu. Siku nyingine nilijikuta mimi mwenyewe nangojea sentensi ile tangu asubuhi.

Msimu ule surua iliingia mitaani. Wadi ya watoto ilijaa, wawili wawili kitandani. Adhuhuri moja nilikuwa ndani ya chumba cha fundi, nimeshika mrija, nikasikia magurudumu ya machela yakija kwenye ujia. Wauguzi walikuwa wameyafunga vitambaa, lakini nilijua yanakokwenda. Mtoto mmoja alikuwa amefariki. Mama yake alikuwa anafuata nyuma. Walimwacha afuate, nani angemzuia? Alikuja kimya hadi karibu na mlango wetu, na hapo, sijui ni kitu gani, labda aliuona ule mlango wa mochari, akajaza kifua kupiga nduru.

Ilitoka nusu. "Mayoo!" na kisha kitu kikaiziba.

Fundi alikaza. Mgongo ulipanda, uso ukawa wa rangi ya majivu, koo likajifunga mbele ya macho yangu. Nilisimama na mrija mkononi nikisema moyoni pumua, pumua, mzee, pumua. Ilichukua muda ambao hadi leo siwezi kuupima. Kisha kifua kikapanda. Nikamchoma dawa, nikatoka.

Nje nilimkuta mkewe sakafuni. Alikuwa amemkumbatia yule mama wa mtoto kwa nguvu zote, amemkandamizia leso mdomoni kwa kiganja, na yule mama alikuwa anapambana, anampiga, anamng'ata kupitia kitambaa. Wote wawili walikuwa wanalia bila sauti. Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile, na nimeona mengi tangu hapo. Nilitaka kumwondoa mkono. Nilitaka pia kuuongezea wa kwangu. Nilisimama tu.

Hatimaye yule mama alilegea. Mke wa fundi akamwachia. Wakatazamana, na yule mama akasema kwa sauti ndogo sana, ya mtu aliyechoka, "Hata kumlilia umeninyima." Akainuka, akafuata machela.

Nilikwenda kwa daktari mkuu nikiwa nimewaka. Nilimwambia hospitali inayompitisha mzazi na maiti ya mtoto wake kwenye mlango wa mtu wa pepopunda ilijengwa na watu wasiomjua mzazi wala maiti. Nilisema mengi, mengine hayafai kuandikwa. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. "Ni mimi niliyeuchora ujia huo," alisema. "Wakati ule nilikuwa kijana, na nilifikiri juu ya mifereji ya maji tu." Alionekana mzee sana. Toka siku hiyo miili ilipitishwa nje, kupitia bustani ya masista, na sista mkuu mwenyewe aling'oa uzio wa bustani ile ili machela ipite.

Mke wa fundi alibaki na alama za meno kiganjani. Aliniuliza uani, "Daktari, yule mama atanisamehe?" Nilimwambia sijui. Alisema, "Mimi nisingesamehe."

Na fundi akaanza kupata nafuu. Mikazo ilipungua. Taya lililegea kidogo, likaachia nafasi ya kijiko, na asubuhi moja nilimlisha uji kwa mdomo, akaumeza. Alijaribu kusema. Nilisogeza sikio. Alisema, "Chumvi." Hakuna aliyekuwa ametia chumvi! Nilikwenda kwenye benchi nikamwambia mkewe kwa ishara, nikijilamba vidole na kukunja uso, naye akaelewa, akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika kwa kicheko. Kesho yake alileta uji wa wimbi wenye chumvi. Mimi niliimba kanisani Jumapili ile, tena kwa sauti.

Siku zilezile tuliletewa kitoto kichanga kutoka Mathare. Kilizaliwa nyumbani, kitovu kikakatwa kwa wembe uliokwisha kutumika. Kilikuwa kimeacha kunyonya na ngumi zake ndogo hazikufunguka. Pepopunda tena. Chumba cha giza kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo tulitundika shuka katikati na kukiweka upande wa pili. Mama yake alikuwa msichana mdogo, na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Mke wa fundi alimsogezea nafasi kwenye benchi. Alimwonyesha pa kuweka viatu. Alimwonyesha jinsi ya kukohoa ndani ya leso.

Kisha homa ikampanda fundi. Alikuwa amelala chali muda mrefu mno, na mapafu yalikuwa yamejaa licha ya kugeuzwa kote kule. Nilibadilisha dawa. Daktari mkuu akabadilisha tena. Kifua kilikoroma, na kwa sababu kukoroma kule kulikuwa ndiyo sauti pekee chumbani, nilikisikia hata nikiwa nyumbani nakula. Nilimwambia mkewe hali si nzuri. Siku ile sentensi yake ilikuwa, "Usiwe na haraka, mimi nipo."

Alikufa mchana, baada ya chakula, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Hakukaza. Alipumua, akapumua, akaacha. Kwa mara ya kwanza tangu aje lile tabasamu lilimtoka usoni, na nikaona sura yake halisi, ya mtu mpole mwenye wasiwasi kidogo. Nilikuwa sijawahi kuiona.

Nyuma ya shuka kitoto kilikuwa kimelala. Nilitoka nikafunga mlango kwa mikono yote miwili, taratibu, kama tulivyozoea.

Mke alikuwa kwenye benchi na chupa ya uji mapajani, yule msichana kando yake. Nilikuwa nimepanga kumwita uani kwanza, ndivyo ilivyopasa. Lakini aliniangalia usoni na ikawa nimeshamwambia. Alisimama. Chupa ilitaka kuanguka, akaidaka hewani kwa mkono mmoja, akaiweka kwenye benchi bila mlio. Mdomo wake ukafunguka, na nikaona kifua kinajaa, kinajaa, mishipa ya shingo inasimama, na mimi, Mungu anajua, sikuinua mkono. Nilisema moyoni, lia, mama. Nani atakukataza leo?

Alitazama mlango. Kisha akamtazama yule msichana, ambaye alikuwa amejikunja, ameyaziba masikio yake mwenyewe kana kwamba hilo lingemsaidia mtoto.

Alichukua leso akaijaza mdomoni, yote, hadi mashavu yakavimba. Akaokota viatu vyake chini ya benchi. Akaondoka. Nilimfuata. Alitembea ujia wote bila viatu, akapita kengele yenye bendeji iliyotundikwa ukutani, akapita wadi ya wanaume, akapita foleni ya wagonjwa, machozi yakimwagika hadi kifuani, na pumzi ikitoka puani kwa mlio mdogo. Sista mkuu alitoka ofisini, akatuona, akajiunga nyuma yangu. Watu walitupisha.

Tulifika langoni. Askari alifungua. Mke wa fundi alivuka, akaenda kando ya barabara, mabasi yakipita kwa makelele yao yote, na hapo akasimama, akageuka. Alitoa leso mdomoni. Ilikuwa imelowa.

"Daktari," aliniuliza, kwa ile sauti ya kunong'ona aliyojifunza kwetu, "hapa naweza?"

"Hapa unaweza, mama," nilimwambia.